Joho Alilovaa Hofu

Siku barua ya chuo kikuu ya binti yake Namsifu ilipofika, Nakunda hakugusa chakula cha mchana. Mzee Apaisaria, kiongozi wa kusanyiko lao, alikuwa amekwisha kupita na kusema kwa upole ule ule wa miaka yote, "Dada, siku za mwisho hizi. Elimu ya juu ya nini? Jioni nitakuja nisikie umeamuaje." Maneno hayo hayo alimwambia Nakunda mwenyewe alipokuwa na miaka ishirini, naye akaitikia amina, akaiacha nafasi yake chuoni. Sasa akajinyoosha kitandani na mawazo yake, usingizi ukamchukua.

Akaota yuko katika nchi tambarare yenye ukungu, ambamo umati wa watu uliketi juu ya mizigo iliyofungwa, ukitazama lango lisilofunguka. Wengi walikuwa wamezeeka hapo hapo, na vidole vyao viliandika hewani bila wenyewe kujua. Mbele yao alisimama mtu mrefu mwenye joho jeupe, akisema, "Msifungue mizigo. Bado kitambo kidogo." Nakunda akataka kuketi, maana mahali pake palikuwapo, pamebonyea kwa umbo lake, lakini msichana mwenye sketi ya shule akamshika mkono. "Mimi ni Kumbukumbu," akasema. "Njoo kwanza utazame, ndipo ukae ukipenda."

Wakashuka bondeni, na kumbe ni shule yake ya zamani: harufu ya chaki na ya uji ulioungua, madaftari yaliyofunikwa kwa magazeti, wasichana wakibishania jibu mpaka matroni agonge mlango, na katikati yao yeye Nakunda, akicheka kuwashinda wote. Alikuwa amesahau kwamba aliwahi kucheka hivyo. Akasimama akiwatazama kama mtu aotaye moto wakati wa kipupwe. Nyuma ya darasa aliketi mwanamke aliyejitanda shuka tu, akifuata somo kwa makini.

"Huyu ni Imani," Kumbukumbu akanong'ona.

Mwanamke akageuka. "Yule uliyemsikia langoni ni Hofu. Aliniibia joho zamani, na watu humtii kwa kuliheshimu vazi. Mimi sijamtoa mtu darasani, mwanangu. Aliyeumba akili haogopi ikitumika."

"Na miaka yangu, nitarudishiwa?"

Imani akajibu, "Hapana. Ililie. Ila usimrithishe mtoto mahali pako pale langoni."

Nakunda akaamka mashavu yamelowa, akasikia sauti ya Mzee Apaisaria sebuleni. Ndipo akatambua kwamba sauti aliyoitii ujanani haikuwa ya Mungu, na kwamba mzee huyu naye, maskini, alikuwa akingoja langoni maisha yake yote. Hasira ikamtoka, woga nao ukapungua.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, dada. Umeamuaje?"

"Namsifu anakwenda. Nami nitakuja kusali kama kawaida, mkinipokea."

Mzee alimtazama sana, akachukua kofia yake, akatoka bila kuaga.

Namsifu, aliyekuwa amesimama kwenye kizingiti cha jikoni, akamsogelea mama yake polepole. "Mama, wewe ungesomea nini?"

Miaka thelathini na minane, hakuna aliyepata kumuuliza.

"Hesabu," Nakunda akasema. "Nilizipenda mno hesabu, mwanangu."