Mkono wa Kushoto wa Tusekile

Biashara ilipoachiwa huru, Ambrose alivuka mto Songwe kutoka Malawi akaja kununua kakao. Hakuweza kuishi bila gofu, hivyo akakodi malisho karibu na Lyulilo, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, na kuchimba mashimo sita. Kazi ya kuwafundisha makarani wake alimpa Eliud, aliyekuwa amewabebea wazungu wa mashamba ya chai mifuko ya fimbo kwa miaka kumi na minne. Kyela nzima hakuna aliyeujua mchezo ule kama yeye, naye alilijua hilo.

Halafu akaja Tusekile, mfinyanzi wa Ikombe. Mwaka tisini na nne, siku ya soko, alishusha vyungu vyake mtumbwini, akasimama kuwatazama wachezaji, kisha akaomba ajaribu. Makarani wakacheka. Akavuta fimbo nyuma, mabega yakageuka mpaka mgongo ukaelekea ziwani, na mkono wa kushoto ukabaki umenyooka bila kukakamaa. Mpira ukavuka kijito, mahali ambapo Eliud hakuwahi kuufikisha.

"Eliud, umeuona mkono ule?" Ambrose akasema. "Wewe kiwiko chako hupinda kila siku."

Ilikuwa kweli, na ndiyo maana ilimchoma. Mabega yake yalikuwa yamekauka. Fimbo ikifika juu, kiwiko kilipinda apende asipende. Akaanza kujinyoosha nyuma ya nyumba, ameshika shina la mgomba, hadi mkewe Keziya akamuuliza anashindana na nani. Angesemaje kwamba anashindana na mwanamke ambaye mabega yake yamelainishwa na udongo na kasia tu?

Ambrose alipopanga pambano na rafiki zake wa ng'ambo ya Songwe, alimchagua Tusekile, na Eliud akaambiwa amnoe.

"Mkono wako umelegea," Eliud alimwambia. "Ukaze kama mchi. Na mabega usiyageuze sana."

"Hivi, mwalimu?"

"Kaza zaidi."

Akamkazisha wiki mbili. Siku ya pambano, mpira wa kwanza wa Tusekile uliishia kwenye jaruba la mpunga, wa pili ukabingirika hatua kumi. Wageni wakatazama pembeni. Eliud alisikia utamu kifuani, utamu uliodumu mpaka alipomwona yule mama akilikanda bega lake kimyakimya.

Akamfuata ufukweni. "Dada, nilikudanganya. Mkono wako haukuwa na kasoro."

"Nilijua tangu siku ya tatu," Tusekile alisema. "Kila nikikaza, bega lilikataa. Lakini wewe ndiye mwalimu. Nikasema labda kuna jambo silioni."

Tusekile akausukuma mtumbwi majini.

"Kamwambie na Ambrose. Nikisema mimi, wataona najitetea."

Alimwambia asubuhi iliyofuata, mbele ya makarani wote. Ambrose akampa Tusekile kazi ya kufundisha, Eliud akabakizwa kufyeka nyasi. Alifyeka. Kila aliposikia fimbo ya Tusekile ikigonga mpira, aliinua kichwa aone ulikoangukia, na bado iliuma.

Mwezi ulipopita, Tusekile alimwendea, akamsalimu kwa Kinyakyusa. "Ndaga, mwalimu. Nikivuta fimbo nyuma, kisigino cha kushoto kinanyanyuka. Nikizuie?"

Eliud aliweka panga chini. Akamwambia avute, akakitazama kile kisigino kwa muda mrefu. Neno la uongo lilikuwa tayari mdomoni.

"Kiache kinyanyuke," akasema. "Ndicho kinachokupa nafasi ya kugeuka."