Waya Mweusi wa Tela la Mjomba

Mimi na umeme tumenyonya ziwa moja. Si majigambo. Kamuulize kinyozi nani aliifufua redio yake, au mshonaji nani alilitengeneza feni lake. Kwamba feni siku hizi linapuliza upepo ukutani, hiyo ni hasira ya feni.

Kwa hiyo asubuhi ile mjomba aliponikabidhi betri ya tela lake, nilimwonea huruma kwa kujichosha kunipa maelezo.

Tela lenyewe ni chumba kimoja juu ya magurudumu mawili: kitanda mbele, sinki la kunawa vidole, na kifriji kinachokula umeme wa betri. Hicho kifriji ndicho kilichomfanya mjomba anunue tela zima. Bibi, mama yake, anajidunga insulini, na dawa ile haitaki joto. Kwa mdogo wake ni mwendo wa siku mbili kwa gari, hivyo tangu augue hajamtia machoni. Safari ya kwenda kumwona ilikuwa mchana huo. Kifriji kikiwaka, bibi anaondoka. Kisipowaka, anabaki.

Na kilikuwa kimezima. Taa nazo zilisinzia kama mwanafunzi baada ya chakula, kisha zikalala kabisa.

"Vichwa vya betri vimeota unga," mjomba alisema. "Fungua waya, sugua kwa msasa, rudishia. Lakini sikiliza, mpwa wangu: humu waya mweusi ndio chanya, mweupe ndio hasi. Si kama kwenye gari."

"Mjomba, mimi wa kufundishwa umeme? Si bora ukamfundishe kuku kuchakura!"

"Mdomo wako ungekuwa betri, tungewasha mji mzima," akasema, akaenda kujaza upepo tairi la akiba.

Betri hukaa nje, ndani ya sanduku mbele ya tela, chini ya kidirisha cha kitandani. Nilifungua, nikasugua, nikapuliza, huku najiimbia. Vichwa vikang'aa. Nikashika waya mweusi. Shuleni tulikaririshwa: mweusi hasi. Mkono ukaenda wenyewe. Mweusi kwenye hasi. Mweupe nikaugusisha kwenye chanya.

Paaa!

Cheche iliruka mbele ya pua yangu, spana ikanitoka, nikarudi kinyumenyume hadi nikakalia ndoo ya maji. Moshi mwembamba ukapanda, na harufu ya plastiki iliyoungua. Nilibaki mdomo wazi, mikono juu, kama mtu anayeporwa simu. Masikio yalilia nzii!

"Mama yangu wee! Nimemuulia bibi friji!"

Pumzi iliporudi nikachungulia. Fyuzi kubwa iliyo kando ya betri ilikuwa nyeusi kama mkaa. Imekufa yenyewe, lakini imekilinda kifriji. Nikajisemea kwa sauti, ili niamini: "Fyuzi tu. Ni fyuzi tu. Na hakuna aliyeona."

Haraka nikarudisha kila waya mahali pake, nikafunika sanduku, nikavaa uso wa msibani.

Mjomba akarudi. "Vipi, inawaka?"

"Pole, mjomba. Betri imekufa. Walikuuzia mkweche."

"Imekufa? Jana imepimwa, nzima kabisa!"

"Ndivyo zilivyo, mjomba. Huondoka ghafla, kama watu."

Akaketi kwenye kidaraja cha tela kama gunia lililokatwa kamba. Betri ya aina ile hapa karibu haipatikani. "Basi safari hakuna," akasema polepole. "Sasa mama nitamwambiaje? Tangu alfajiri kavaa viatu."

Nilitaka kusema, wallahi nilitaka, ila ukweli ulikwama kama mwiba wa samaki.

"Usihangaike kuniambia. Nimesikia."

Sauti ilitoka ndani ya tela! Pazia la kidirisha likavutwa, na uso wa bibi ukatokea juu kabisa ya sanduku la betri.

"Mama!" mjomba akaruka. "Uko humo tangu saa ngapi?"

"Tangu huyu mume wangu anaimba. Nilikuja kujaribu kitanda." Macho yake hayakubanduka kwangu. "Lile paa lilinikimbizia sauti, ila macho hayakukimbia. Waya mweusi kaupeleka siko, moto ukaruka, akatua kwenye ndoo. Halafu akasema, 'Ni fyuzi tu, na hakuna aliyeona.'"

Kisha bibi akamtazama mjomba.

"Mwanangu, nenda kanunue fyuzi. Huyu niachie mimi, ana maneno ya kunieleza."

Mjomba akanigeukia taratibu. Nami nilikuwa nimeshauokota msasa, nasugua kwa bidii mfuniko wa sanduku, ambao haukuwa na kutu hata chembe.