Jezi Iliyozidi Kwenye Kamba

"Mama Leif, mbona unaanika jezi ishirini na tatu, na vijana wa kocha ni ishirini na wawili?"

Jirani yangu Olava Brekke aliniuliza hivyo akiwa upande wa pili wa uzio, Jumatatu moja ya Oktoba, mwaka mmoja baada ya vita kwisha. Nilicheka, nikamwambia anunue miwani. Alipoingia ndani nikahesabu. Ishirini na tatu. Ya mwisho ilikuwa namba ishirini na saba, ya mwanangu.

Mimi ndiye mfuaji wa jezi za timu ya mpira wa Kimarekani ya chuo chetu cha kanisa, tangu mume wangu afariki. Leif alichezea timu hiyo kabla hajaenda vitani. Desemba ya mwaka arobaini na nne ikaja telegramu: ametoweka kwenye theluji huko Ubelgiji. Haikusema amekufa. Kwa hiyo dirishani kwangu nyota ya kitambaa iliendelea kuwa ya buluu, nyota ya mama mwenye mtoto vitani. Mtoto akifa, mama huishonea ya dhahabu juu yake. Mchungaji alinikumbusha mara mbili.

"Nitashona akija mtu aliyemwona akifa," nilimjibu, na kila asubuhi nikapiga magoti kumwomba Mungu amrudishe Leif.

Sasa jezi yake ilikuwa inarudi kila Jumatatu ndani ya kikapu cha nguo za timu, ina tope mpaka kwenye kola. Nilidhani ni utani wa vijana. Nikaifua, nikaifungia sandukuni, ufunguo nikauvaa shingoni. Jumatatu iliyofuata ilikuwa kikapuni tena. Na tangu ianze kurudi, timu haikushindwa hata mchezo mmoja. Mji mzima ulikuwa unaimba.

Mchezo wa sita nilikwenda mwenyewe uwanjani. Everett Haugen ndiye aliyekuwa mwita namba, anayetangaza mpira apewe nani. Yeye na Leif walikwenda vitani pamoja, akarudi peke yake. Kila nilipomuuliza, alisema walipotezana. Vijana walipoinama kwenye duara kumsikiliza, walibanana bega kwa bega, ila kushoto kwa Everett paliachwa nafasi ya mtu. Mkono wake ulikuwa umelala hewani juu ya nafasi ile, kama umeegemea bega. Chini yake nyasi zilikuwa zimelala.

Walipojipanga akaita kwa sauti, "Nane kushoto!"

Nilisimama ghafla. Hiyo ilikuwa namba ya kumwitia Leif, maana yake mpira apewe yeye. Alikuwa akiifanyia mazoezi jikoni kwangu mpaka vikombe vinaanguka. Tangu aondoke sikuwahi kuisikia.

Refa akapuliza kipenga. "Watu kumi na wawili uwanjani! Mnarudi nyuma hatua tano!"

"Refa!" kocha akafoka. "Kwenu ng'ombe mnawahesabuje? Hao ni kumi na mmoja!"

Watu wakacheka. Refa akahesabu kwa kidole, kumi na mmoja. Akahesabu tena, akafuta jasho, na siku ile ilikuwa ya baridi.

Nilirudi nyumbani nikafungua sanduku. Safari hii jezi ilikuwamo, imelowa. Ndani ya mkono wake mlikuwa na theluji na majani membamba ya msonobari. Kwetu theluji ilikuwa bado haijaanguka, na huku ni mahindi matupu, msonobari hakuna.

Jumatatu Everett alileta kikapu. Nilikuwa nimeitandaza jezi mezani.

"Mama, hiyo tena? Waambie hao watundu..." Akayaona majani. Akakaa bila kukaribishwa.

"Everett mwanangu, mlipotezana?"

Aliokota jani moja mezani. "Alipigwa risasi mguuni. Nilimwambia asubiri chini ya miti, nitarudi kumchukua. Sikurudi, Mama. Niliogopa. Nilikuwa shimoni, si mbali naye, namsikia. Alikuwa ananiita. Nane kushoto, nane kushoto. Aliita mpaka giza likaingia, kisha akanyamaza. Asubuhi tulirudishwa nyuma. Msimu huu nikiwa uwanjani namsikia tena. Jumamosi ndipo nikaweza kumwitikia."

Nilitazama dirishani. Karibu miaka miwili nilikuwa nimemwomba Mungu amrudishe, na Mungu alikuwa ananijibu. Alikuwa anamrudisha kama alivyo, na theluji yake.

Nikachukua kikapu cha ushonaji, nikashusha nyota kutoka dirishani.

Everett akanishika mkono. "Ngoja Jumamosi ipite, Mama. Umebaki mchezo mmoja. Akiwepo tunachukua kombe. Hata yeye angetaka."

"Ana baridi, Everett."

"Mchezo mmoja tu."

"Umemsubirisha vya kutosha."

Akauachia mkono wangu. Nilitia uzi wa dhahabu kwenye sindano na kushona polepole, nikimwomba Mungu safari hii ampumzishe. Nilipokata uzi, Everett aliigusa jezi. Ilikuwa kavu, na mezani hapakuwa na jani hata moja. Akachukua kofia yake. Mlangoni alisogea kando kidogo, kama anayempisha mwenzake atangulie, kisha akatoka.