Kitovu Kisichoguswa

Haya ninayoyaandika ni kweli tupu, na nikiongeza chumvi hata chembe, mkono huu ulioshika randa miaka thelathini na nane ukauke.

Kitovu changu kilikuwa kinanuka. Si jasho, kilinuka kama dekio lililolala wiki nzima ndooni. Mke wangu alianza kwa kulala kanigeuzia mgongo, kisha akahamia kochini, na Jumamosi moja akalitupa godoro langu kwenye banda langu la useremala.

"Kioshe, au ulale na misumari yako."

"Mama watoto, kitovu hakioshwi. Ni fundo alilofunga mkunga. Ukilichokonoa linafunguka, utumbo unamwagika. Kuna mwenzetu karakana alijikuna tu, tukamkusanya kwa beleshi."

Mdogo wa mke wangu, shemeji yangu, mkunga aliyezalisha nusu ya mtaa, akakisogeza mbali kikombe chake cha chai.

"Shemeji, sisi tunaubana mrija wa kitovu na kuukata tu. Kikonyo kinachobaki hukauka kama ganda la ndizi, kikadondoka chenyewe wiki moja au mbili baadaye. Hicho ulicho nacho ni kovu."

"Basi mbona paka hana? Nani alimfungia?"

"Anacho. Mama yake aliutafuna ule mrija."

"Akautema?"

"Akameza."

Lakini tumbo la paka wetu nililijua, manyoya matupu, nikajitapa: "Akiwa nacho, mnioshe hapa hapa. Asipokuwa nacho, godoro linarudi ndani."

Shemeji akamgeuza paka, akamlowesha tumbo, akapangua manyoya na viroboto wawili walionona. Chini kidogo ya mbavu palikuwa na alama bapa, ndogo kuliko punje ya mchele, haina unywele.

"Haya, fundo liko wapi? Na utumbo mbona umo?"

Mke wangu alikuwa keshaleta mafuta na pamba.

Nikalala kwenye benchi, shati nimelipandisha kifuani. Shemeji akachovya, akazungusha, akavuta. Kikatoka kidonge cheusi, kimeviringana na vumbi la mbao na nyuzi za fulana nilizotupa zamani, kinang'aa kwa unyevu. Paka akakinusa, akakimbia.

"Jamani, nimelala na hiki kitu!" mke wangu akasema, pua kaiziba kwa kiwiko. "Godoro libaki huko huko mpaka pamba itoke nyeupe."

Ya tisa ilitoka kahawia. Ya kumi niliiomba mwenyewe.