Toleo la Mwezi wa Nne

Tarehe thelathini ya mwezi wa nne, saa tisa mchana, shemeji alikuwa amelala kwenye kiti cha plastiki, mdomo wazi, miguu juu ya boksi la printa. Kazi ilikuwa imekwisha. Kilichobaki ni kukamilisha jina la toleo na sahihi.

Tunatengeneza mfumo wa kuendeshea kompyuta, wa bure. Yeyote anaupakua, anauweka kwenye mashine yake, hatumwulizi kitu. Kila toleo linaitwa kwa mwaka na mwezi lililotoka, halafu linapewa mnyama. Mnyama ni kazi yangu. Chuo nilikiacha mwaka wa tatu, nikaja hapa, wakaona huyu mpeni wanyama. La mwisho niliita Nyumbu Mnene. Watu walilalamika wiki nzima.

Kasheshe ni mwezi wa nne. Kila baada ya miaka mitano, toleo la mwezi wa nne ni la kudumu, na aliyelitia sahihi analirekebisha miaka mitano bila kupumua. Mengine yote ni miezi tisa, kisha kwaheri. Ukikosa mwezi, subiri miaka mitano mingine. Kanuni hiyo aliiweka shemeji mwenyewe, enzi zile ana nywele. Ametia sahihi mara mbili. Miaka kumi hiyo. Kuibadilisha kunataka mkutano, na mkutano wa mwisho uliisha kwa mtu kuondoka na chaja ya mwenzake.

Simu yake ikaita. Dada yangu, mkewe. Nikapokea.

"Yupo?"

"Amelala."

"Mchana huu?"

"Hajalala tangu juzi, dada."

"Daktari wa macho kamwambia nini? Apumzike. Mimi nikasema nini? Sasa sikia, mdogo wangu. Likitoka kesho litaitwaje?"

"La mwezi wa tano."

"Na hilo ni la muda gani?"

"Miezi tisa."

"Basi. Maisha yako yote unatufanyia vituko. Kimoja chenye maana kinakushinda?"

Akakata. Nikavuta kibodi, nikafuta nne, nikaandika tano. Nilikuwa nimechoka tu, kama nguo iliyofuliwa mara nyingi.

"Umeandika tano," shemeji akasema. Macho bado kayafumba nusu.

"Dada kapiga."

"Najua kapiga. Umesoma barua ya mama wa dawa?"

Sikuwa nimeisoma; nikaifungua. Ni mfamasia wa zahanati moja, ana kompyuta kumi na moja kuukuu, zote zinatumia toleo letu la kudumu linaloisha muda leo. Ameandika: sisi hatuna fundi wa kuja kila miezi tisa, tunasubiri lenu la mwezi wa nne, poleni kwa usumbufu. Hilo pole ndilo lililoniudhi. Angetukana ningelala vizuri.

Shemeji akashusha miguu, akapapasa miwani mezani. Macho mekundu, yanatoa maji.

"Lete kibodi."

"Utamwambia nini dada?"

"Atanikuta nimekaa hapahapa, ataniambia yeye."

"Sogea, shemeji."

"Nisogee wapi? Chumba chenyewe hiki."

Nikarudisha nne. Halafu mahali pa sahihi nikafuta jina lake, nikaweka langu. Akanitazama kama mtu aliyeona mbuzi anaendesha gari.

"Wewe hujawahi kumaliza hata dozi ya malaria."

"Ndiyo."

"Hii ni miaka mitano. Si muhula, useme unaahirisha."

"Nimesikia."

"Watakuandikia uko mezani, uko msalani, uko msibani."

"Nimesikia, shemeji."

Hakubisha tena. Nilitegemea abishe kidogo zaidi, nisiseme uongo. Alivua miwani, akaiweka mfukoni.

"Na mnyama?"

"Punda."

"Punda nani? Punda Pweza? Punda Mpole?"

"Punda tu."

"Watalalamika."

"Watanilalamikia mimi."

Saa kumi na dakika ishirini likatoka. Shemeji akampigia mkewe, nikamsikia upande mmoja. "Limetoka... La mwezi wa nne... Ngoja kwanza. Sahihi si yangu... Ndiyo, huyo huyo... Sijamlazimisha." Akanipa simu.

"We mtoto," dada akasema. "Umekula?"

"Bado."

"Njooni wote wawili mle."

Shemeji alikuwa anafunga kamba za viatu barua ya kwanza ilipoingia. Mtu kaweka Punda, printa haichapi. Akaacha kiatu, akainama kusoma, mkono tayari mfukoni kwenye miwani. Nikageuza skrini upande wangu.

"Nenda," nikamwambia. "Mniwekee changu."