Siku Nilipompa Bramwel Mtaa Wetu

Nilikuwa nimebakiwa na mji mmoja tu, na mji wenyewe ndio mtaa huu tunamolala, Kibokoni.

Ngojeni nieleze, maana siku hizi vitendawili vinachezwa nusu nusu. Sisi tulivyofunzwa, ukitegewa ukashindwa, huambiwi jibu bure. Unatoa mji. Aliyekutega anausafiri kwa maneno, anakueleza alivyokaribishwa na alichokula huko, ndipo akufungulie kitendawili chake. Na nyumbani kwetu kuna masharti mawili. Mji ukishautoa si wako tena. Na hutoi mji ambao miguu yako haijaukanyaga, maana hiyo ni kama kugawa chakula cha jirani.

Bramwel alikuwa mpangaji wangu wa juu. Ni mtu wa bara, karani wa kutoa mizigo bandarini Kilindini. Miaka minne alipita mlangoni na "hujambo bibi" yake, hadi jioni moja ya mwezi wa Rajabu akanionyesha mchezo ulio kwenye simu. Unapewa herufi chache za Kiingereza, unazipangua na kuzipanga, kila mpango una neno lake. Akaniandikia: tea, chai. Zigeuze, eat, kula. Zigeuze tena, ate, umeshakula.

"Subhanallah," nikamwambia, "herufi tatu zimeshaandaa, zimekula na zimeondoka!"

Kiingereza changu ni cha darasa la saba, lakini maana za maneno nazipenda. Nikamwambia mchezo wake hauna adabu, unataka neno tu, hauulizi maana. Tuucheze kikwetu: mmoja ataje herufi na afumbe maana, mwingine alete neno na alieleze ni kitu gani. Neno bila maana halihesabiwi. Anayeshindwa atoe mji.

Nilishindwa sana, siwafichi. Nilimpa Malindi, Mtwapa, Voi, na Tanga niliyokwenda harusini. Nilimpa Lamu, na hiyo iliniuma. Kilindini nilipompa, kesho yake alikwenda kazini kifua mbele. Makka nimekwenda, lakini hiyo haitolewi.

Jumatatu moja baada ya alasiri akatega: "O, N, W. Kitu kuwa mali yako mwenyewe."

Nikazipanga. Now, sasa. Won, alishinda. La tatu likakataa kabisa kuja, hata nilipofumba macho.

"Basi, bibi. Nipe mji."

"Nakupa Kibokoni," midomo ikanitangulia.

Mzamil, mshona kofia wa mlango wa pili, mwanamume asiyepitwa na neno, akatoa sindano mdomoni. "Umempa Kibokoni? Na mimi nimo ndani?"

"Ni mchezo, Mzamil."

"Na Lamu je? Mbona ulilia?"

Bramwel akasafiri kama desturi. Alifika Kibokoni, akasema, akakaribishwa na bibi mmoja, akala mahamri kwa mbaazi hadi akalegeza mshipi. Na neno lenyewe ni own.

Asubuhi yake nikamwambia Mzamil aziondoe kofia zake kwenye kamba yangu. Akanitazama kama mgeni.

"Kwani mtaa ni wako? Nenda kwa mwenyewe."

Nikenda. Kwenye ngazi za Bramwel nilikuta watu watatu wamenitangulia: muuza maji aliyetaka kujua mkokoteni wake upite upande gani, mama mmoja mwenye ungo wa pilipili anayeomba pa kuanikia, na mzee aliyekuja kumshtaki paka. Siku ya kwanza Bramwel alicheka. Siku ya pili hakucheka. Siku ya tatu alikuwa na fomu.

Karani ni karani. Nilipotaka kuanika kanga zangu alinijazia karatasi, nakala tatu. Mzigo: kanga, doti moja, mbichi. Kutoka: beseni. Kwenda: kamba. Muda wa kukaa: hadi saa sita. Akapiga muhuri, akaniambia nakala ya manjano niibane kambani kwa kibanio. Na kweli Mzamil alikuja kuikagua.

"Hii imeisha."

"Hazijakauka!"

"Si mimi, karatasi yasema. Kaombe nyongeza."

Nisiwe mwongo, mtaa ulitulia. Mkokoteni ulijua njia yake, na yule paka alipewa onyo la maandishi akatulia kwa siku kadhaa. Bramwel akipita anaitwa bwana mkubwa, kila mlango anashikwa mkono anywe kahawa. Lakini mimi nimezaliwa hapa, mama yangu kazaliwa hapa, na sasa nilikuwa naomba kibali cha kukaa kwenye baraza yangu mwenyewe.

Kisha ikaja habari kwamba anahamishwa. Kampuni yake yampeleka Naivasha, kwenye bandari kavu. Aondoka Jumamosi kwa treni.

Mzamil alinijia mbio, kofia ambayo haijaisha iko kichwani na sindano inaning'inia. "Yuwaondoka nao! Jumamosi Kibokoni itakuwa Naivasha. Nikitaka kuhamisha kiti changu kivulini, nimuulize nani?"

"Punguza kelele."

"Wewe ndiwe uliyeutoa. Wewe ndiwe utakayeurudisha."

Ijumaa baada ya alasiri nikakaa barazani, kwa kibali, na kichochoro kizima kikaja kusimama. Wengine walileta viti, navyo viliandikishwa. Nilikuwa na kitendawili kimoja tu. Marehemu mume wangu alikuwa mshona makubadhi, na kifaa chake cha kazi alikinunua kikiwa kwenye boksi lililoandikwa jina la kifaa hicho kwa Kiingereza. Miaka thelathini nilikuwa nalifuta vumbi boksi lile.

"Kitendawili!"

"Tega, bibi."

"A, L, W. Zipange mara moja, unapata sheria."

"Law," akasema upesi.

"Hilo nimekupa kwa heshima ya cheo chako. Zipange tena. Mimi natangulia, uzi unanifuata, wala mimi si sindano."

Akakunja uso. Akahesabu kwa vidole. "Neno lipo. Awl. Simu hulikubali kila siku."

"Na maana yake?"

"Simu haijaniambia." Jasho likamtoka. "Ni ndege?"

"Ndege gani afuatwaye na uzi?" Mzamil akamcheka.

"Wa karatasi!" akasema mtu nyuma, akanyamazishwa.

Bramwel akainamisha kichwa. "Nimeshindwa, bibi."

"Toa mji!" kichochoro kikapiga ukelele hadi njiwa wakaruka madirishani.

Akasimama. Akavuta pumzi. "Nakupa Kimilili."

Mzamil akanitangulia kuuliza. "Kimilili ndiyo nini?"

"Ni kwetu. Nilikozaliwa."

"Bramwel, mwanangu," nikamwambia, "mji niutakao waujua."

"Naujua, bibi. Lakini si wewe uliyenifunza kwamba anayetoa ndiye achaguaye?" Akashusha sauti. "Miaka minne nimepita hapa hakuna aliyeniuliza hata saa. Sasa naulizwa pilipili zianikwe wapi. Huu siutoi. Nitauendesha kwa simu."

Nilitaka kukasirika, na kukasirika najua. Lakini mtu amekupa alikozaliwa, utamwambia nini? Ikabidi nisafiri. "Nilikwenda Kimilili," nikaanza, nikakwama, maana hata njia siijui. Nikamtazama anisaidie.

"Ugali kwa kuku," akaninong'oneza. "Kwa mama. Mapaja yote mawili ni yako."

"Nikapewa ugali kwa kuku na mamake Bramwel, mapaja yote mawili, nikashiba. Na awl ni kile chuma chenye ncha na mpini wa mbao, cha kutobolea ngozi ili uzi upite."

Jumamosi akapanda treni yake. Mzamil alimbebea begi hadi kwenye tuktuk, akimnung'unikia njia nzima, na tangu siku ile kila asubuhi humpigia simu kumwomba kibali cha kiti chake. Vibali vyaja kwa WhatsApp, na muhuri wake vizuri.

Jumanne simu yangu ikalia, nambari nisiyoijua, na nyuma yake kelele za kuku.

"Ni bibi wa Kibokoni? Mimi Nasipwondi, mamake Bramwel. Mwanangu anasema Kimilili sasa iko chini yako."

"Imekuwa hivyo, dada yangu. Na ahsante kwa kuku."

"Karibu tena. Sasa niamulie. Ng'ombe wa jirani ameingia kwenye mahindi yangu mara ya tatu wiki hii. Jirani mwenyewe anasema hatii mtu ila mwenye mji."

Nikajifunga kanga vizuri, nikakaa wima. Mzamil akasogeza kiti karibu bila kuomba ruhusa ya mtu.

"Huyo jirani yupo hapo?"

"Yupo, amesimama. Na ng'ombe pia."

"Basi nipe ng'ombe kwanza," nikasema.