Maua ya Pamba Ndani ya Barafu

Mimba ya Anyes ilitoka ikiwa na miezi mitano, na hospitalini hawakumwonyesha mtoto. Alirudi nyumbani kwake Bariadi akaambiwa apumzike. Ndugu zake walikuwa mbali, Bukoba. Mumewe, Mayige, alimwacha asubuhi amekaa dirishani, na jioni alimkuta palepale.

Siku moja Anyes alichuma ua la bogenvilia ukutani kwa jirani, akalitia kwenye bakuli la maji, akaliweka kwenye friji. Lilipoganda alilitoa, akaliinua dirishani na kulipiga picha kwa simu. Barafu ilikuwa na ukungu, ua halikuonekana vizuri. Akajifunza kuchemsha maji kwanza na kuyapoza, kisha kuyamimina kidogo kidogo na kuyagandisha tabaka juu ya tabaka, ua lisielee. Picha zikaanza kutoka safi: ua limetulia, vipovu vidogo vimelizunguka.

Mama mkwe wake, Nyamizi, alikuja kutoka Lalago kumuuguza. Alipofungua friji aweke maziwa, alikuta maua yamefungwa ndani ya barafu, kila moja na bakuli lake. Jioni alimwita mwanawe sebuleni akamwambia kwamba kwao kitu hakifungwi namna ile bure. Huenda kuna mtu aliyemfunga Anyes kizazi kwa uchawi, au Anyes anajifunga mwenyewe. Anyes aliyasikia yote akiwa jikoni.

Kulipokucha alitoa bakuli moja, akaliweka mezani mbele ya mama mkwe.

"Mayu, mama yangu, sijafunga kitu," alisema. "Mtoto wangu sikumwona. Hata sura yake siijui. Haya nayo yatayeyuka, lakini angalau nayaangalia kwanza."

Nyamizi aligusa barafu kwa kidole, akakitoa. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba hata yeye walimtoka watoto wawili tumboni kabla ya Mayige. Wanawake wenzake waliwazika, yeye amelala ndani, na tangu hapo hakuna aliyewataja.

"Hata baba Mayige?" Anyes aliuliza.

"Alikwenda kuchunga. Aliporudi tukaongea habari za mvua."

Juma lililofuata Nyamizi alikwenda Lalago kuangalia shamba, akarudi na maua mawili ya pamba kwenye kitambaa kibichi. Aliyachuma yakiwa meupe. Alipofika Bariadi yalikuwa yameanza kugeuka rangi ya waridi, kama yalivyo maua ya pamba siku ikiisha. Akataka kuyatupa, akisema yameharibika. Anyes aliyapokea, akayagandisha vivyo hivyo.

Siku ya kuyapiga picha, Nyamizi ndiye aliyeshika barafu dirishani. Anyes alimsihi aiweke chini, asije akaumia vidole. Alikataa. Maji yalimtiririka hadi kwenye viwiko.

"Wa kwanza nilitaka kumwita Limbu," alisema.

Anyes akapiga picha. Hakuharakisha. Baada ya kitambo mama mkwe akalitaja na jina la pili, la msichana, taratibu, kama mtu anayepima iwapo bado anaweza kulitamka.

Jioni Mayige aliporudi, aliwakuta wameketi sakafuni penye maji, wameinamia simu moja, na jikoni hakuna kilichopikwa. Alivua viatu. Mama yake akasogea kumpisha akae nao.